Nilivyokula Chakula cha Matanga Yangu

Kama jana umeambiwa una kifua kikuu, leo usiende kuuliza majirani. Nakuomba sana. Kila jirani ana mjomba aliyekufa kwa kifua, na kila mmoja atataka kukusimulia jinsi mjomba huyo alivyokwisha, na damu aliyotapika, na jeneza lake lilivyokuwa jepesi. Uliza mtu aliyepona. Tuko wachache na wengine wetu tunajificha, lakini tuko. Mimi ni mmoja wao. Naongea kwa kelele, utanisamehe, sababu yake utaijua mbele.

Mambo ya udaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Najua benchi, najua sindano, najua mtu anavyokuwa mwembamba mpaka kukaa chini kunamuuma. Na najua habari za mama mkwe wangu, ambaye ndiye aliyeniuguza, jambo ambalo kwetu sisi Wabukusu halifanyiki kabisa.

Nilikuwa fundi wa cherehani mjini Kitale, barazani pa duka la Mhindi, miaka ile ilipokwisha vita kubwa na mashamba ya wazungu yakajaa mahindi mpaka macho yanachoka. Nilishona kaptula za wapishi, mashati ya makarani, nguo za Krismasi za watoto. Mimi na mke wangu Nekesa tulikaa Matisi katika chumba kimoja, na hatukuwa watu wa kuhurumiwa. Kikohozi kilinianza kwenye baridi ya mwezi wa saba. Lakini Kitale mwezi wa saba nani hakohoi? Nikakohoa na wenzangu. Mwezi wa nane wenzangu wakaacha, mimi nikaendelea. Mwezi wa tisa nikawa naamka shuka limelowa kama limetoka mtoni, na Nekesa akaanza kuamka mapema na kulianika kabla wapangaji wengine hawajatoka nje.

Siku moja nilikuwa nashona shati jeupe, nikakohoa, tone la damu likaangukia kola. Tajiri aliliona. Nilingoja makelele. Hakupiga kelele, alilichukua lile shati akalikunja, akasema, "Fundi, wewe iko gonjwa. Kwenda hospitali, rudi kama iko zuri." Halafu akainua cherehani yangu yeye mwenyewe, mzee wa tumbo kubwa, akaiingiza ndani ili mtu mwingine asiikalie. Siku hiyo nilimchukia. Siku hizi simchukii tena.

Benchi la hospitali lilikuwa la watu sita. Nilipokaa na kukohoa mara mbili, lilikuwa la mtu mmoja. Wale watano hawakunitukana, la. Mmoja alikumbuka kitu nje, mwingine akataka jua, basi vivyo hivyo mpaka nikabaki peke yangu kama kabaila. Akaja mama mmoja mnene, anavuta mguu, kapu mkononi. Akaniangalia. "Songa, wewe," akasema. "Hii benchi ni ya baba yako?"

"Mama, mimi nina kifua," nikamwambia.

"Na mimi niko na magoti. Nimekuuliza habari ya kifua? Songa."

Akakaa amenibana ubavu wake kwenye ubavu wangu, akatoa viazi vitamu vilivyochemshwa, akanipa kimoja bila kuniangalia. Sikumwona tena maishani. Sikulia nilipoambiwa ugonjwa wangu, nililia nikila kile kiazi, na yule mama akajifanya anatazama ukuta.

Walinilaza. Wodi yetu ilikuwa mwisho kabisa wa ua, madirisha wazi kutwa kucha, kila mtu na kopo lake la kutemea chini ya kitanda. Mvua za vuli zilinikuta mle, kiangazi kikanikuta, mvua kubwa zikanikuta. Mkanda wangu niliutoboa matundu mapya kwa msumari mpaka mwisho nikaacha kuutoboa, nikafunga suruali kwa kamba. Kidevu kilichongoka, masikio yakawa makubwa. Wenzangu walikuwa wanaondoka, na unajua nasema kuondoka kwa namna gani. Ulikuwa unaamka, kitanda cha pili godoro limekunjwa, kopo limeoshwa. Nekesa alijifungua mimi nikiwa mle. Alimleta mtoto mpaka nje ya dirisha, akamwinua juu nimwone. Tukamwita Nafula kwa sababu mvua ilikuwa inawanyeshea hapo hapo.

Halafu vitanda vikawa haba. Nikaambiwa niende kwetu upande wa Bungoma, sindano niendelee kuchomwa kwenye zahanati ya huko, kila siku isipokuwa Jumapili. Tukapanda lori la mahindi, mimi juu ya magunia, Nekesa na mtoto mbele kwa dereva. Nakumbuka nilitazama mlima Elgon ukibaki nyuma, nikauaga. Nilijua naenda kufia nyumbani. Sitakudanganya, rafiki, ati nilikuwa na matumaini yaliyofichika mahali. Sikuwa nayo.

Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki mkubwa kwetu alikuwa ndugu ya baba yangu, Wanyonyi, tuliyemwita Baba Mdogo. Alitupa nyumba ya marehemu baba, mimi nikalala humo peke yangu, Nekesa na Nafula wakalala jikoni. Nekesa alilima toka alfajiri mpaka jua la mchana, maana nani mwingine angelima? Mimi nikabaki na mende. Watu walinipenda kwa mbali. Walileta maziwa katika kibuyu, wakasema, "Kibuyu kaa nacho tu." Nikawa na vibuyu vingi kuliko mtu yeyote pale kilimani.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipokuja.

Lazima nikueleze, hasa kama wewe si mtu wa kwetu. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawaonani. Hawashikani mikono, hawaketi nyumba moja, hawali mahali pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Hiyo si chuki, ni heshima, tena heshima kubwa kuliko zote. Tangu nioe nilikuwa nimeuona mgongo wake mara chache, ukiingia shambani, na leso yake ya rangi ya hudhurungi. Uso sikuujua. Kama ungenionyesha wanawake kumi sokoni Bungoma, nisingeweza kukuambia ni yupi aliyenizalia mke.

Mama huyo alisikia binti yake anakonda, akafunga mzigo, akaja. Hakulala kwangu, isingewezekana. Alipokelewa na Mama Wanjala, mjane aliyekaa ng'ambo ya njia, nyuma ya migomba. Asubuhi yake Baba Mdogo akaja uani kwangu amefura. "Hii ni aibu gani?" akauliza. "Mkwe kuuguza mkwe? Mmeona wapi?"

Sauti ikamjibu kutoka nyuma ya ghala, nzito kama ya mwanamume: "Nyinyi mnaoruhusiwa kumwona, mbona hamji kumwona?"

Baba Mdogo akatazama ghala. Akatazama fimbo yake. Akakumbuka ng'ombe wake hawajanyweshwa, akaenda zake.

Basi ikawa hivi. Mama anapika uji jikoni, anauweka mlangoni kwangu, anakohoa kidogo kunijulisha, halafu anazunguka nyuma ya nyumba na kukaa juu ya kigoda, mgongo wake umeelekea ukuta. Mimi natoka, nachukua uji, narudi kukaa ndani, mgongo wangu umeelekea ukuta ule ule. Kati yetu udongo tu.

"Baba Nafula, umeamka?"

"Nimeamka, mama."

"Umekohoa damu?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kijiko ama kidogo ya kikombe?"

"Kijiko, mama."

"Haya. Kunywa uji."

"Sina hamu nao."

"Kwani nimekuuliza hamu? Mgonjwa haulizwi uji. Kunywa, nakusikiza." Na kweli alisikiliza. Nikinyamaza alijua nimeweka kata chini.

Alinipa habari zote. Ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani, msichana gani ameolewa na mume mwenye baisikeli mpya, mhubiri gani alisinzia kanisani kabla ya waumini wake. Alinigombeza kama mtoto. Watu wa kilimani waliokuwa wakipita njia ya mtoni kimya, macho chini, kama nyumba yangu imekwisha kuwa kaburi, aliwangojea kwenye migomba. "Si mumsalimie jamani," akawaambia. "Ati mnaogopa? Salamu haina kikohozi."

Wakaona haya. Kesho yake mmoja akaita kutoka njiani, "Mulembe, fundi!" Hiyo ndiyo amani yetu, hatuna salamu nyingine. Nikajikusanya, nikaitika, "Mulembe!" Baadaye wakawa wawili, halafu wote wenye mitungi, asubuhi wakienda na asubuhi wakirudi. Wengine waliongeza maneno: "Fundi, rinda langu limepasuka, harakisha kupona!" Unaweza kucheka, kitu gani hicho, salamu? Mimi nakuambia kulikuwa na siku ambazo sikuwa na sababu nyingine ya kupumua ila kuwa na pumzi ya kuitikia.

Na Wekesa. Wekesa alikuwa mtu wa makamo, mkulima, ana baisikeli nzito yenye kiti cha chuma nyuma. Kila siku ya sindano alipita kunichukua. "Si niko naenda stesheni tu," alisema. Hakuwa na jambo lolote stesheni. Alinishusha zahanati, akalala chini ya mti, akanirudisha. Nilipokohoa mgongoni mwake aliniambia, "Geukia kuria, bana, upepo unatoka huku kushoto," basi, yamekwisha. Shamba lake mwaka ule lilimezwa na magugu, na mkewe alijua kwa nini, na mkewe huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisalimu njiani.

Je, hayo yote yalinipa moyo? Hapana. Ukitaka kitabu cha kukupa moyo tafuta kingine. Bado nilikonda, bado nilitema, bado niliamini nakufa. Nilikuwa shimoni. Wale watu hawakuweza kunitoa, walishuka tu mmoja mmoja wakakaa na mimi.

Mahindi yalipoanza kukomaa damu ikakatika. Lakini masikio yakaanza kulia. Mlio mwembamba, kama mbu aliyekataa kuondoka. Kisha nikawa nayumba nikitembea, hata mlevi mmoja sokoni Bungoma akanipigia saluti. Nikamwambia dresa aliyenichoma sindano, mtu mpole wa maneno machache. Akaweka sindano chini. "Ni hii dawa," akasema. "Wengine inawafanyia hivyo. Ukiacha sasa, kifua kitarudi na hasira, na mimi sina dawa nyingine ya kukupa. Ukiendelea, kifua kinaweza kupona lakini masikio yataenda. Fikiria. Nitakungojea kesho."

Sikumwambia Nekesa kwanza. Niliuambia ukuta.

"Mama, nikiwa kiziwi nitakula nini? Mimi ni fundi."

"Unashona na masikio?"

"Watu watanicheka."

"Watu wanakucheka saa hii. Mguu wako unaonekana kama mwiko."

"Mama." Nikatega sikio jikoni. Nafula alikuwa ndiyo kwanza anakaa, anabwabwaja huko jikoni, baba-ba-ba, yale maneno yasiyo na maana bado. Nekesa alikuwa amenikatalia kumshika, na alikuwa na haki, kwa hiyo nilichokuwa nacho cha mtoto wangu kilikuwa sauti tu. "Mama, Nafula akianza kusema, akiniita, mimi nitamsikiaje?"

Nikasikia kigoda kikisogezwa nyuma ya ukuta. Nikadhani ameondoka. Aliposema, ile sauti yake nzito ilikuwa imevunjika.

"Na akikuitia kaburini, utamwitika?"

Nililia kwa kelele, mwanamume mzima. Na yeye alilia, nilimsikia. Hatukuambiana pole. Mwisho akapenga kamasi, akasema, "Kiziwi anakula na watoto wake. Enda udungwe." Nikaenda nikadungwa.

Sauti haziendi pamoja, zinaondoka moja moja. Walianza ndege. Nilitoka asubuhi moja nikaona ndege mdogo kwenye mgomba, koo lake linatetemeka, hakuna kitu. Baadaye wale wanawake wa njiani. Niliona mikono yao ikipunga, nikaitika "Mulembe" kwa kuona. Halafu Nafula. Baba-ba-ba ikawa inafika kama inatoka chini ya blanketi, kisha haikufika. Nilisimama mlango wa jikoni nikimtazama mdomo wake unavyofanya kazi, na Nekesa akageuza uso.

Sauti ya mama ilidumu kuliko zote kwa sababu ya uzito wake. Alipoona siitiki vizuri akaanza kupiga kelele, na kilima kizima kikajua hali ya tumbo langu na ya makohozi yangu. Kila siku alipandisha sauti, kila siku nilisogeza sikio kwenye udongo.

Basi ikafika ile siku. Mavuno yalikuwa yamekwisha, mabua yamelala shambani. Nilikuwa nimeketi ndani, mgongo nimeupa mlango kwa ajili ya mwanga, namshonea Nafula gauni kwa mkono. Nilikuwa na raha kidogo, nakiri. Uji ulikuwa mlangoni, nami sikujua kama umekwisha wekwa. Kumbe mama alikohoa, hakuna. Akazunguka ukutani, akaita, hakuna. Akaita kwa nguvu zake zote. Jana yake nilikuwa nimemsikia bado, kwa hiyo atafikiri nini? Alirudi akakuta uji umepoa na nzi ameanguka ndani. Kuchungulia ndani hawezi. Mkwe ni mkwe, awe hai awe maiti. Akaweka mikono kichwani, akapiga ukemi wa msiba.

Kwetu ukemi hauulizwi, unajibiwa. Mama Wanjala akaudaka, mke wa Wekesa akaudaka, ukashuka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili. Watu wakaacha majembe. Nekesa akakimbia kutoka shambani akianguka na kuinuka. Na mimi niko ndani natia uzi kwenye tundu la sindano, kimya kitamu.

Mwanga ukazibwa. Nikageuka. Mlangoni amesimama mama mzee, mfupi, pengo mbele, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, mikono kichwani. Nikajiuliza, huyu ni nani tena anayeingia nyumba za watu? Halafu nikaona leso ya hudhurungi. Halafu nikaona macho ya Nekesa kwenye uso ule. Alikuwa ameshindwa kuvumilia, amevunja mwiko ili anifumbe macho kabla sijakauka.

Tulitazamana. Mimi nikajifunika uso kwa gauni la mtoto. Yeye akageukia ukuta akajificha hapo hapo kwa viganja. Nyuma yake ua umejaa watu, vinywa wazi wote. Wekesa ameshika baisikeli, tayari kutumwa kwa jamaa wa mbali. Baba Mdogo alikuwa kando ya mgomba na fimbo yake. Nekesa aliniambia baadaye alikuwa anapima mahali pa kaburi, na alikuwa amechagua mahali pazuri.

Nikatoka nje na sindano mkononi. Nikasema, "Mulembe."

Nekesa anasema wawili walikimbia. Sikuwaona. Nilichoona ni vitu walivyokuja navyo: mikungu ya ndizi, unga, maharagwe, kuni, kuku watatu wamefungwa miguu, na mtungi wa maziwa. Kwetu chakula kilichobebwa kwenda kwenye matanga hakirudishwi nyumbani kwa mtu. Ukikirudisha kinakuitia matanga yako. Basi wakaviacha vyote, wakaondoka haraka na aibu, na mimi nikala. Nilikula ndizi za matanga yangu na kuku wa matanga yangu, nikanenepa. Lakini kila nikitafuna nilikuwa na hasira moja ambayo haijaisha mpaka leo. Miezi yote ile nilikunywa uji, kumbe kuku walikuwepo! Kwa nini mtu afe ndipo aletewe kuku? Wewe unayesoma hapa, kama una jirani mgonjwa, peleka yule kuku leo.

Mama hakuja siku kadhaa. Nekesa alinieleza kwa mikono na kwa midomo, polepole, ndiyo tulikuwa tunajifunza. Wazee wamesema mwiko umevunjika, kondoo achinjwe, mkwe ampe mkwewe blanketi, ndipo waruhusiwe kuonana bila madhara kuwafikia wajukuu. Mpaka hapo kila mtu na upande wake. Kondoo nitamtoa wapi? Nikasema nikipona nikarudi cherehani, jambo la kwanza ni kondoo yule.

Siku moja Nekesa akanishika bega, akaonyesha ukuta. Amerudi. Amekaa kwenye kigoda chake.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Nekesa akainua mabega. Mdomo wake ukasema: anaongea.

Alijua sisikii. Aliniona kwa macho yake sisikii. Lakini alikuja, akakaa, akaongea na ukuta kama kawaida. Basi na mimi ningefanyaje? Nikavuta kiti, nikaegemea, nikaitika. "Eee, mama." Nikingoja kidogo, "Ni kweli, mama." Nekesa siku moja aliniambia ameuliza kama mbuzi wamefungwa, na mimi nimemjibu kwamba Mungu ni mwema. Alicheka mpaka akakaa chini, halafu hakuwa anacheka tena. Asubuhi zote za kiangazi kile zilikwenda hivyo, mzee anaongea, kiziwi anaitika.

Sindano ya mwisho nilichomwa vumbi la kiangazi likiwa linakaribia kulala. Dresa alisikiliza kifua changu mbele na nyuma, akavua mipira ya masikioni, akatikisa kichwa kwa kukubali. Akanipa mkono. Hakuna mtu nje ya nyumba yangu aliyekuwa amenishika mkono tangu Kitale. Nikamwambia Wekesa, aliyekuwa ana shughuli ya kweli stesheni mara hii, kwamba leo narudi kwa miguu.

Nilitembea. Kila kilima nilisimama, nikapanda. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Elgon. Karibu na kwetu wanawake wawili wakanipita wakikimbia, leso ya mmoja ikaanguka. Nikaiokota nikamwita, hakugeuka. Nikadhani anaikimbilia nguo yake aliyoanika, maana mvua ilikuwa inakuja.

Ua ulikuwa mtupu. Nikaingia ndani, nikavuta kiti ukutani.

"Mama, nimepona," nikasema. "Dresa amesema nimepona." Nikangoja kiasi chake. "Eee, mama. Hapana, sichoki, nimetembea mwenyewe, vilima vyote." Nikamweleza mambo mengi. Nikamwambia narudi Kitale, cherehani bado inaningoja. Nikamwambia kondoo nitamnunua kwa kazi ya kwanza, na blanketi nitachagua mwenyewe, zito, na tutakaa uani mchana mbele ya watu wote tukinywa chai, na Nafula katikati. Nikamwambia asante, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia. Nikangoja. Nikaitika tena, "Eee, mama."

Nekesa alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo toka lini. Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba. Kigoda kilikuwa hakina mtu. Akaonyesha ng'ambo ya njia, migombani, kwa Mama Wanjala, na hapo nikaona watu jinsi walivyojaa, na vinywa vyao vyote viko wazi, na nikajua huo ukemi ulikuwa unapigwa tangu asubuhi, na nimepita katikati yake nimeshika leso ya mtu.

Mama hakuamka tu. Mama Wanjala alikwenda kumwita akamkuta ametulia.

Tulivuka njia. Watu wakaniachia nafasi. Mlangoni Baba Mdogo akanyoosha fimbo yake kunizuia, akatikisa kichwa. Sikuhitaji kusikia. Mkwe haoni uso wa mkwewe, hata ukiwa umelazwa chini, na kondoo hajachinjwa.

"Mimi nilishamwona!" nikamwambia. Nekesa anasema nilipiga kelele mpaka watu wakanyamaza.

Baba Mdogo akaishusha ile fimbo, nikaingia.